Chiptuni mkononi: ununue kifaa kipi kwanza

Chiptuni ni muziki wa sauti za mashine za michezo ya zamani, na mara nyingi hutungwa kwa treka, programu ya kupanga noti. Treka haina kinanda. Noti zinaandikwa moja chini ya nyingine kama hesabu za duka, na kwenye namba, baada ya 9 inakuja A mpaka F. Siku mbili za kwanza utakereka, ya tatu vidole vinazoea.

Kabla ya kutoa hela, elewa jambo hili. Johan Kotlinski wa Sweden alipotengeneza LSDj, treka ya Game Boy (konsoli ya mkononi ya Nintendo), aliupanga wimbo kwa ngazi: hatua 16 zinafanya fungu, mafungu yanaunganishwa kuwa mnyororo, minyororo inakuwa wimbo. LittleGPTracker, treka nyingine, iliurithi mpangilio huo, na M8, kifaa cha tatu hapa chini, pia. Basi ulichojifunza kwenye kifaa rahisi unahama nacho. Ndiyo maana naanza na cha bei ya chini.

1. Konsoli ndogo ya michezo ya zamani

Za kampuni ya Anbernic, kwa mfano, zipo nyingi za chini ya dola 100. Inaendesha LittleGPTracker, yenye chaneli 8 na inayotumia sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) zako mwenyewe, na LSDj pia kupitia emuleta, programu inayoiga Game Boy. Kagua vitufe vya mishale zaidi ya unavyokagua kioo. Kwenye LSDj, ukishika A na kubonyeza kulia, noti inapanda nusu toni. Ukibonyeza juu, inaruka oktavu nzima. Mishale iliyolegea itakutungia wimbo usioutaka. Hakikisha pia kuna tundu la hedifoni.

2. Game Boy yenyewe

Chaneli ni 4 tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora, moja ya kelele kwa ajili ya ngoma. Ubanifu huo ndio ladha yenyewe. Ile nene ya 1989, inayokula betri 4 za AA, ina besi nzito, nami naipenda kuliko zote. Lakini ni ya mtumba, kwa hiyo fungua mfuniko wa betri utazame kutu, na uiwashe uone kama kioo kina mistari iliyokufa. Game Boy Advance SP inasoma katriji za Game Boy, ila haina tundu la hedifoni la kawaida. Nintendo DS haizisomi kabisa, hata muuzaji akiapa.

Usisahau bei ya katriji ya kuandikika, ambayo ndiyo unayowekea LSDj. Nyingi za bei poa hutunza kazi kwa betri ndogo ya kitufe, na betri ikifa wimbo umekwenda nayo. Mimi ilinipata, kazi ya wiki tatu. Nakili faili la sav, lenye nyimbo zako, kila unapomaliza.

3. M8 ya Dirtywave

Chaneli 8, sauti za FM (si redio: wimbi moja linatikisa jingine kuunda sauti), sampuli unazorekodi papo hapo. Ni mashine ya ajabu, kwa mamia ya dola, kabla ya usafiri na ushuru. Kama hujawahi kumaliza wimbo hata mmoja, iache kwanza. Programu yake inaendeshwa pia kwenye Teensy 4.1, bodi ndogo ya kielektroniki, lakini hapo utahitaji simu au kompyuta iwe kioo chake.

Chenji ikibaki, nunua hedifoni za waya. Bluetooth huchelewesha sauti: unabonyeza kitufe, ngoma inalia baadaye.