Shangazi yangu haimbi besi

Naandika hii bado nina hasira, mnivumilie.

Kipindi kile cha mvua tulirekodi wimbo wa kwaya kwangu, sebuleni. Godoro ukutani, feni imezimwa, kila bajaji ikipita tunasimama, tunaanza upya. Anayeongoza ni Shangazi, na sauti yake ni ya juu, inapasua bati. Sauti zote nikatia kwenye flashi pamoja na kinanda, ambacho kijana wetu alikipigia kwake, nikapeleka studio moja (jina naliacha) inayojisifu kumiksi "kwa HD". Nikalipa hela yote kabla ya kazi. Ujinga wangu huo.

Siku ya kuchukua nikavaa hedifoni. Jamani! Kinanda kiko sawa, ila Shangazi kageuka mjomba. Sauti nzito, maneno yanaburutwa kama ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Kinanda kikamaliza, kikanyamaza, kwaya bado inaendelea yenyewe, sekunde ishirini na kitu. Na huyu bwana kaipitisha hivyohivyo, kaongeza na mwangwi juu!

Nikamwambia, kaka, hapa kuna shida. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Huyo mama ndivyo anavyoimba, braza. Studio haitengenezi koo la mtu." Halafu akamalizia: "Ukitaka ing'ae, ongeza elfu thelathini tuipandishe iwe 96."

Hiyo thelathini ndiyo inayoniuma mpaka leo. CD zinatumia sampo reti ya 44.1 tangu 1982, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hapo unanasa mpaka mawimbi ya kilohezi 22, yaani mitetemo 22,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu, hata la mtoto, linaishia kwenye 20 hivi. Sisemi 96, yaani kupima mara 96,000 kwa sekunde, haina kazi; anayetaka kuivuta sauti na kuipunguza kasi sana huenda ikamfaa, lakini anarekodi hivyo tangu mwanzo. Kuipandisha baadaye ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, nyama ni zilezile.

Nyumbani nikashika kikokotoo. Wimbo wetu ni dakika nne, sauti zake zimekwenda dakika nne na sekunde 21. Gawanya 48 kwa 44.1, zidisha kwa dakika nne, unapata palepale. Sauti zilirekodiwa kwa 48, programu yake ikazisoma kama 44.1, basi vipimo vilevile vikatandazwa kwenye muda mrefu zaidi. Ndiyo maana zikawa nzito na za kujikokota.

Sasa hapa inabidi nishushe sauti kidogo. Kwenye karatasi niliyompa niliandika "zote 44.1". Kumbe mpwa wangu alitumia saundi kadi (kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) kutengeneza video, na video huwa 48, akaiacha hivyo. Sikukagua. Kwa hiyo na mimi nimo. Lakini faili lenyewe linajieleza ukilifungua taarifa zake, na prodyuza mzima anakosaje kusikia kinanda kimemaliza na watu bado wanaimba?

Nilipompigia nikamweleza, akasema "poa", akakata. Hata pole hakuna. Nikagoma kurudi, akaenda Shangazi.

Na miksi aliyorudi nayo, nakiri kwa shingo upande, ni tamu. Sauti ya nne inasikika yenyewe, pumzi zimesafishwa, Shangazi kakaa mbele bila kupiga kelele. Kaurudia mara tatu kwenye simu yake. Nilitaka kuwapa nyota moja. Kazi ni ya nyota nne, yule bwana hana hata robo. Weka mbili. Haya, tatu.

Wimbo wa pili tumeshaurekodi, kinanda na sauti vyote 48, nimeandika mpaka kwenye jina la kila faili. Nimetaja studio nyingine, Shangazi hataki kusikia. Anasema turudi kwa yule kijana mpole. Alimpa soda.