Terminator: Dark Fate, staringi anauawa kabla sijakaa vizuri!

Bisi zilikuwa bado za moto, John Connor kashakufa.

Muvi ya Terminator ya 1984 na ile ya 1991 zote zinahangaikia uhai wa huyu dogo, atakayewaongoza watu dhidi ya mashine zitakapoasi. Kyle Reese katoka siku za usoni, kafa ili dogo azaliwe. Mama yake, Sarah, kafungiwa hospitali ya vichaa na watu wanamwona kapotoka. Arnold Schwarzenegger, roboti mlinzi wa dogo kwenye ile ya 1991, ndiye usiseme: dogo anamwapisha asiue mtu, jitu linanyoosha mkono, linaapa, halafu linamtandika mlinzi risasi za miguu na kujitetea kwamba atapona. Mwisho linaomba lenyewe lishushwe kwenye chuma kinachochemka, dole gumba juu, dogo analia. Pale kibanda umiza kizima kilinyamaza, hata yule mkusanya viingilio.

Sasa njoo kwenye hii ya 2019. Tunaambiwa ni 1998, Guatemala, ufukweni, mama na mwana wametulia zao. Anatokea T-800 mwingine, roboti wa aina ileile ya Arnold, anampiga John bunduki, anaondoka kama mtu aliyetoka kulipa bili ya maji. Basi! Hata dakika tano hazijafika.

Wataalamu watasema staringi kufa siyo dhambi. Kweli, na Arnold wa 1991 alikufa. Lakini alikufa mwishoni, kwa hiari yake, baada ya kututumikia saa mbili nzima. John kauawa ili kupisha nafasi tu. Nafasi yenyewe kapewa Dani Ramos wa Mexico, sina ugomvi naye, ila kazi ni ileile: mashine zitaasi, yeye atawaongoza watu, zimetuma muuaji. Skynet, kompyuta iliyoasi kwenye zile za zamani, kafutwa, kaja nyingine, Legion. Wamebadilisha kibao cha dukani, bidhaa ni zilezile za zamani.

Terminator Genisys ya 2015 ilimgeuza John kuwa mashine, na siri yenyewe wakaimwaga kwenye trela. Hiyo niliisamehe, James Cameron, aliyeongoza zile mbili za kwanza, hakuwa mtayarishaji wake. Hii je? Jina lake limo. Mzee, mtoto umemlea mwenyewe!

Haya, niwe mkweli. Linda Hamilton, yule Sarah mwenyewe, anaposhuka kwenye gari pale barabarani na bunduki yake, nilisimama. Mvi, makunyanzi, hasira, vyote vyake. Na lile wazo la muuaji wa John ni zuri kuliko nilivyotaka kukubali: kamaliza kazi, hana tena amri, kajiita Carl, anauza mapazia Texas na analea mtoto wa kambo. Miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akimtumia Sarah ujumbe wa kumwelekeza zinakotua mashine nyingine, na mwishoni mwa kila ujumbe anaandika kwamba ni kwa ajili ya John. Hapo nilianza kulainika. Nikasema labda nimewaonea.

Halafu Carl akaanza kusimulia pazia gani linafaa chumba cha mtoto wa kike, ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Nilipomaliza kucheka nikakumbuka kwamba huyu ndiye kamuua John. Mnanichekesha na muuaji? Hasira zikarudi mara mbili, mapigano ya mwisho kule kwenye bwawa la umeme sikuyaona vizuri.

Nyota mbili. Tatu kwa ajili ya Linda. Ukilazimika kuiangalia, anzia anaposhuka kwenye gari. Huko nyuma ruka.