Kitabu cha ushahidi cha mtumba, Mtwara mjini: nyota 4 kwa 5

Aisee juzi nilikuwa nasubiri bajaji ya Mkanaledi nikasema ngoja nichungulie kwa yule kaka anayetandaza vitabu vya mtumba kwenye turubai karibu na soko kuu, katikati ya vitabu vya dini na mitihani ya zamani ya form four nikakuta kitabu cha William Twining cha 1985, kile cha nadharia za ushahidi wa mahakamani za Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, na Wigmore. Akaanzia elfu 25. Nikamwambia kaka hiki ukinikosa mimi utakaa nacho mpaka msimu ujao wa korosho, tukaishia 14.

Kasoro: gamba limelegea, kurasa nne za katikati hazipo, na kinanuka kama kimelala ghalani mwaka mzima. Nilivyomrudia akacheka tu eti "dada si ulikifunua mwenyewe". Nyota moja imeondoka hapo.

Ila kilichomo sasa. Mimi ni msaidizi wa kisheria na digrii nasoma Chuo Kikuu Huria, somo la ushahidi nilikuwa nakariri vifungu vya ile Sheria ya Ushahidi ya 1967 basi. Twining analalamikia hilo hilo, kwamba wanasheria tunafundishwa kanuni ila kuuchambua ushahidi wenyewe hatufundishwi. Wigmore, Mmarekani, mwaka 1913 alileta mchoro wake, maneno ya shahidi unayaweka kwenye mraba, ushahidi wa mazingira (yaani dalili zinazoashiria jambo bila mtu kuliona) kwenye duara, halafu unachora mishale kuonyesha kipi kinabeba kipi mpaka ufike juu kwenye jambo unalotaka kuthibitisha.

Jana nikajaribu nyuma ya kalenda ya zamani. Kuna mama anadai magunia yake ya korosho yamepungua njiani, anajisifu ana mashahidi watano. Nachora nachora, mishale yote mitano inarudi kwa mpwa wake, na mpwa naye aliambiwa na utingo ambaye hata jina hawalijui! Mama akakodolea ile karatasi akaniuliza, kwa hiyo sina hata mmoja?

Halafu huyu Twining si wa mbali kihivyo. Kazaliwa Kampala 1934, baba yake ndiye Gavana Twining wa Tanganyika, bandari yetu hii ya ule mradi wa wakoloni wa karanga za Nachingwea ilikamilika enzi zake. Mtoto akaja Dar 1961 kufundisha sheria, chuo ndo kinaanza kwenye jengo la TANU Lumumba, akakaa mpaka 1965, baadaye Belfast, Warwick na London, na kwenye ushahidi ndo akajenga jina.

Sehemu ya Bentham niliruka ruka, ndefu mno, ingawa wazo lake la ushahidi karibu wote upokelewe halafu hakimu apime uzito limenikaa kichwani.

Ukienda kwa huyo kaka nenda asubuhi, jua likipanda anakunja turubai. Na hesabu kurasa kabla hujatoa hela.