Ada ya kuingia katikati ya London: nyota nne, ijapokuwa mfuko walia

Napika biriani na mahamri ya sherehe, nami huvipeleka mwenyewe kwa kigari changu kutoka Ilford, mashariki mwa London. Mwanzoni ada hii ilinikera. Kulipa ili uingie mjini, kwani harusi hiyo? Ilipoanza Februari 2003 ilikuwa pauni 5. Tangu Januari 2026 ni pauni 18. Hakuna kizuizi wala askari. Kamera husoma namba ya gari, basi.

Nikakaa na kalamu. Jumatatu hadi Ijumaa hutozwa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, lakini wikendi huanza saa sita mchana. Basi oda za Jumamosi naziwahisha: saa tano masufuria yameshashushwa, saa tano na nusu mimi huyo niko nje ya eneo, sijatoa hata senti. Hapo ndipo nilipowavulia kofia wakubwa wa jiji. Hawakunikataza kuendesha, wamenihamisha saa tu. Siku nisizo na mzigo napanda basi: pauni 1.75, na ukipanda jingine ndani ya saa moja hulipi tena.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya shemeji yangu. Alinunua gari la umeme akidhani kaponea, msamaha wa ada kwa magari hayo ukaisha Desemba 2025. Sasa ana punguzo akijisajili kulipa moja kwa moja, ila bado amenuna, na chai yangu hataki.