Huduma ya kupima udongo: vipimo makini, ushauri hafifu

Huduma ninayoitathmini ni ya maabara binafsi inayotuma mafundi wake kuchukua sampuli za udongo katika mashamba ya tambarare za chini ya Moshi. Niliitumia kwa shamba la mahindi ambalo majani yake machanga yalikuwa yakitoka na mistari myeupe kandokando ya mshipa wa kati, dalili ya upungufu wa zinki.

Kazi ya shambani inastahili sifa. Fundi alipita shamba zima kwa kupindapinda, akichimba hadi sentimita 20, na alipopewa ndoo ya bati ya kuchanganyia udongo aliikataa akaomba ya plastiki, kwa kuwa bati hupakwa zinki, na chembe chache zikibanduka zinatosha kuharibu kipimo cha kirutubisho kinachohesabiwa kwa miligramu katika kilo nzima ya udongo.

Ripoti nayo imeweka pH (kipimo cha tindikali au magadi ya udongo) na kiasi cha mboji kando ya kila kirutubisho, jambo ambalo maabara nyingine huliacha, ilhali bila hayo tarakimu ya zinki haina maana kubwa. Udongo wetu una magadi na pH yake ni 8.2, katika hali hiyo zinki, chuma na manganizi hushikwa na udongo hata vikiwamo kwa wingi, kwani pH ikipanda kwa kizio kimoja tu, zinki iliyoyeyuka katika maji ya udongo hupungua takriban mara 100. Molibdeni, kirutubisho kingine, huenda kinyume chake: pH ikipanda hupatikana zaidi. Wenye kahawa huko mlimani wana hali tofauti kabisa: udongo wenye tindikali, na shaba iliyorundikana kutokana na miaka mingi ya kupulizia dawa za ukungu, ambayo mboji huing'ang'ania isiondoke.

Ukurasa wa ushauri ndio ulionisikitisha. Ripoti ileile iliyoonyesha fosforasi ya kutosha na zinki ya miligramu 0.4 kwa kilo inapendekeza niongeze DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, wakati fosforasi ikizidi huzidisha upungufu wa zinki katika mmea. Mbolea ya zinki salfeti haikutajwa popote. Vilevile njia ya upimaji haikuandikwa. Nilipopiga simu niliambiwa ni DTPA, kemikali ya kuchomoa virutubisho kwenye udongo, njia ya watafiti Lindsay na Norvell ya mwaka 1978 inayofaa udongo wa magadi, na ambayo kiwango chake cha kutosheleza zinki ni karibu miligramu 0.8. Mehlich 3, njia nyingine ya kuchomoa virutubisho, hutoa tarakimu tofauti, hivyo mkulima asiyeambiwa njia hawezi kulinganisha majibu yake na jedwali lolote.

Boroni haikupimwa kabisa, ingawa ni miongoni mwa virutubisho vinavyosombwa upesi na mvua, hasa katika udongo wa kichanga.

Kwa mahindi au mpunga wa tambarare ningeilipia tena huduma hii, kisha nimpelekee afisa ugani tarakimu hizo ili yeye ndiye atoe ushauri wa mbolea. Mwenye mibuni atafute maabara inayopima boroni.