Paneli ya mwanga mwekundu kwa mwenye uchovu sugu: ya kuangalia kabla ya kulipa Lubumbashi

Kifaa chenyewe ni paneli ya mezani yenye LED 60, upana wa sentimita 20 hivi kwa urefu wa 40. Nusu ya taa hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 660 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), nusu nyingine infraredi ya nanomita 850. Mtu wa Lubumbashi anaweza kuiagiza ije kwa ndege au kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na wauzaji wengi huisifu kuwa inarudisha nguvu mwilini. Kwa misuli na viungo vinavyouma, ni kifaa cha maana. Kwa uchovu sugu (ugonjwa unaoitwa ME/CFS) haijathibitishwa kuwa tiba, na mgonjwa akifuata karatasi za maelezo zinazosema akae karibu nayo dakika 20 kila siku, inaweza kumlaza kitandani.

Hoja ya wauzaji ina mzizi wa kweli. Mwaka 1967 Endre Mester, daktari wa Budapest, aliona nywele za panya zikiota haraka pale alipowamulika kwa leza dhaifu. Baadaye watafiti waligundua kuwa mwanga mwekundu na infraredi ya karibu hufyonzwa na kimeng'enya kimoja ndani ya mitokondria, mahali seli inapotengenezea nishati yake. Leo mwanga huu unatumika hospitalini kuzuia vidonda vya mdomo kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa kemo au mionzi, na miongozo ya kimataifa inaupendekeza kwa kazi hiyo. Lakini kidonda cha mdomoni kiko juu, kinafikiwa na mwanga, na kipimo chake kinajulikana. Uchovu sugu hauna mahali pamoja pa kumulika. Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ambao madaktari wengi huutumia kwa ugonjwa huu, hauna mwanga mwekundu miongoni mwa yanayopendekezwa. Muuzaji akikuonyesha "cheti cha FDA", ujue mamlaka hiyo ya dawa na vifaa tiba ya Marekani haitoi vyeti vya usajili wa vifaa, na kusajiliwa kwa kiwanda si kuidhinishwa kwa tiba.

Sasa wati. Boksi linaandika 300W kwa sababu muuzaji amezidisha LED 60 mara wati 5, na hizo 5 ni uwezo wa juu wa kila taa, si nguvu inayopewa. Kwenye prizi paneli ya aina hii mara nyingi hula wati 100 hadi 120. Unaweza kupima mwenyewe bila kununua chombo. Zima kila kitu nyumbani, washa paneli peke yake, halafu tazama kitaa kidogo kinachomweka kwenye mita ya umeme. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh (miwako 1000 kwa kila uniti), sekunde 36 kati ya mwako mmoja na unaofuata maana yake ni wati 100. Paneli ya wati 300 kweli ingemweka kila sekunde 12. Kama mita yako ina namba nyingine, gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha kwa sekunde ulizohesabu, utapata wati.

Ukishazijua wati, uongo wa pili nao unaonekana. LED nzuri hugeuza nusu hivi ya umeme kuwa mwanga, na unaobaki unakuwa joto. Ndiyo sababu kuna feni nyuma. Wati 110 zinatoa basi mwanga wa wati 50 hivi. Uso wa paneli ni sentimita 20 mara 40, yaani sentimita za mraba 800. Gawanya: unapata wastani wa miliwati 62 kwa kila sentimita ya mraba pale pale kwenye kioo, kabla mwanga haujatawanyika. Tangazo linalosema miliwati 150 kwa umbali wa sentimita 15 limepima katikati tu, penye mwanga mkali zaidi, au limetumia mita ya nguvu ya jua, ambayo mbele ya LED nyekundu na infraredi husoma zaidi ya ukweli, wakati mwingine karibu mara mbili. Kwa paneli hii, chukua miliwati 40 kwa sentimita 15 na 20 kwa sentimita 30 kama makadirio ya kufanyia kazi. Umbali ukiongezeka mara mbili mwanga haupungui mara nne kama wa ampuli ya kawaida, kwa sababu kila LED ina lenzi yake na uso wa paneli ni mpana.

Namba hizi zina kazi kwa sababu kipimo cha mwanga, kinachohesabiwa kwa juli, ni miliwati mara sekunde, ugawe kwa 1000. Miliwati 20 kwa dakika 5 ni juli 6 kwa sentimita ya mraba. Miliwati 40 kwa dakika 20 ni juli 48. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na mwanga huu una tabia ambayo maabara zimeiona mara nyingi: kipimo kidogo huamsha seli, kikubwa huipoozesha. Kuongeza dakika si kuongeza faida.

Infraredi ya 850 jicho huiona kama wekundu hafifu sana, hivyo paneli nzima ikiwashwa nusu ya taa huonekana kama zimekufa. Si kasoro. Fungua kamera ya simu, ile ya selfi, na uielekeze kwa paneli: taa hizo zitaonekana nyeupe au zambarau. Jaribu kwanza na rimoti ya televisheni ili uhakikishe kamera yako inaona infraredi. Taa ambayo hata kamera haioni ni mbovu, usiipokee. Halafu rekodi video ya mwendo wa pole. Picha ikicheza mistari ya giza na mwanga, paneli inapepesa, na baadhi ya wenye uchovu sugu huumwa kichwa na mwanga wa namna hiyo hata kama jicho halioni.

Kuna vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya na paneli. Ampuli nyekundu ya wati 150 au 250, ile ya kuwapashia joto vifaranga, nayo huuzwa kama "infraredi". Ni ampuli ya waya wa moto. Nishati yake nyingi iko juu ya nanomita 1000, ambako maji ya ngozi huifyonza zaidi. Kazi yake kubwa ni joto. Joto linalegeza misuli, sawa, lakini pia linapanua mishipa ya damu, na mgonjwa ambaye tayari huona kizunguzungu akisimama anaweza kuanguka. Mkanda wa LED wa kufunga kiunoni ni tofauti: una 660 na 850 kweli, hugusa ngozi, na kwa goti au mgongo wa chini unaizidi paneli kwa urahisi wa matumizi. Kasoro yake ni joto linalokusanyika chini ya kitambaa. Usilale nao.

Kabla ya hayo yote, damu. Uchovu wa miezi hapa kwetu una sababu nyingi zinazotibika, na inauma kuona familia ikilipa dola za paneli wakati hemoglobini haijapimwa. Omba hemoglobini na feritini (akiba ya madini ya chuma), matone ya malaria, sukari, kipimo cha tezi (TSH), VVU, figo. Na kama kuna kikohozi cha wiki mbili, homa za usiku au kukonda, kipimo cha kifua kikuu. Hospitali ya Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ni mahali pa kuanzia. Uchovu sugu wenyewe, kwa vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015, ni uchovu wa miezi 6 au zaidi unaopunguza shughuli za mtu, pamoja na usingizi usioburudisha na hali kuwa mbaya baada ya jitihada ndogo. Juu yake kuwe na ukungu wa akili, yaani kushindwa kufikiri au kukumbuka vizuri, au kushindwa kuvumilia kusimama.

Hapo kwenye "baada ya jitihada" ndipo karatasi ya maelezo inapomkosea mgonjwa. Kuanguka huko, yaani hali kuzorota, mara nyingi hakuji papo hapo. Huja saa 12 hadi 48 baadaye. Mtu anayejimulika kila siku akianguka Alhamisi hajui kama ni mwanga wa Jumanne, wa Jumatano, au ni ndoo ya maji aliyobeba. Kwa hiyo utaratibu tunaoupendekeza ni mdogo na wa polepole. Lala au kaa, usisimame. Kusimama uchi mbele ya paneli dakika 10 ni kazi kwa mgonjwa huyu. Mgongo uwe wazi, kwa sababu nguo huzuia mwanga. Umbali sentimita 30, dakika 2, asubuhi, kisha siku mbili za kungoja. Hiyo ni juli 2 na kitu. Wiki mbili zikipita bila kuanguka, nenda dakika 4; baada ya wiki mbili nyingine, dakika 6. Usivuke dakika 10. Kila asubuhi andika mapigo ya moyo kabla ya kuinuka, na kila jioni saa ulizolala kitandani mchana. Usiandike "najisikia vizuri", maana tumaini la kitu kipya na cha bei huinua roho kwa wiki kadhaa. Wiki ya nane ikiisha, acha kabisa kwa wiki mbili. Daftari lisipobadilika, paneli haikuwa inasaidia uchovu, hata kama imepunguza maumivu ya mgongo. Na ikitokea siku moja ukajisikia na nguvu, usizitumie zote kwenye soko la Kenya hapa mjini. NICE iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa hawa, na kutumia nguvu zako kwa kiasi ndiyo nguzo ya matunzo.

Macho yafunikwe kwa miwani isiyopitisha mwanga. Infraredi haikufanyi upepese, kwa hiyo jicho halijilindi. Mwenye kifafa, lupus, au anayetumia doxycycline, amiodarone au dawa nyingine inayofanya ngozi iogope mwanga, aongee na daktari kwanza. Ngozi nyeusi hushika mwanga wa 660 zaidi kuliko wa 850, hivyo hupata joto mapema; ukihisi kuungua, rudi nyuma, usivumilie.

Kilichobaki ni kuran, yaani umeme, ya Lubumbashi. Soma kibandiko cha nyuma: kiandike 100-240V. Paneli ya 110V pekee ikichomekwa kwenye 220 yetu inaungua hapo hapo. Umeme ukikatwa na delestaji (mgao wa umeme), chomoa. Pigo la volti linalokuja umeme unaporudi ndilo huua kibadilishi cha umeme kilicho ndani. Stabilizateri ya kawaida ya friji inatosha. Kwenye sola, dakika 10 za wati 110 ni saa-wati 18, kama ampea-saa moja na nusu ya betri ya volti 12, kwa hiyo betri si tatizo. Inverta ndiyo iwe ya wimbi safi, maana zile za bei nafuu hufanya paneli nyingine ilie na kupepesa. Kama bati la nyuma linakupiga umeme kidogo vidoleni ukiligusa, huenda prizi haina waya wa ardhi. Itengeneze kwanza, hasa kwa mtu anayekaa karibu na paneli bila nguo.

Feni ndiyo hufa mapema. Vumbi la kiangazi, Mei hadi Septemba, huziba matundu, LED zinapata joto kupita kiasi na kufifia. Chomoa paneli, isafishe kwa brashi laini kila mwezi. Mstari mzima wa taa ukizimika kwa pamoja, usitupe paneli: LED hufungwa kwa mfululizo, moja ikikatika zote za mstari huo huzimika. Fundi wa redio na simu mwenye multimita ataipata. Mwambie aweke ya nanomita ile ile, si nyekundu yoyote aliyonayo. Asiiunganishe kwa waya tu kuiruka bila kupima mkondo, kwa sababu kama kibadilishi hakidhibiti mkondo, zilizobaki zitabeba mzigo wake na kuungua moja baada ya nyingine.