Visiwa vya Eolie kwa maji: panda feri, achana na boti ya kasi

Ukipanga kwenda visiwa vya Eolie, kaskazini mwa Sicilia, kisiwa kikubwa cha Italia, amua kwanza utapanda chombo gani, kabla hata hujatafuta pa kulala. Visiwa vyenye watu ni saba: Lipari, Vulcano, Salina, Panarea, Stromboli, Filicudi na Alicudi. Vyote ni vya volkano, na hakuna hata kimoja chenye uwanja wa ndege. Kila kitu kinafika kwa bahari, mtalii na mtungi wa gesi pamoja, na baadhi ya visiwa huletewa hata maji ya matumizi kwa meli za matangi. Nilizunguka huko mwezi wa Oktoba kwa vyombo vya aina zote mbili, na maoni yangu ni haya: feri, feri, feri.

Kwenye ratiba utaona maneno mawili. Aliscafo ni boti ya kasi ya abiria, inayojiinua juu ya maji kwa mabawa ya chuma yaliyo chini ya tumbo lake. Nave ni feri, ile kubwa inayobeba na magari. Kutoka Milazzo, bandari ya Sicilia inayotumiwa na wengi, boti inafika Vulcano kwa muda usiozidi saa moja. Feri inachukua saa moja na nusu au zaidi, na nauli yake ni ndogo. Wengi wanaangalia muda tu, wanakata tiketi ya boti, yameisha.

Tatizo ni kwamba kwenye boti huoni kitu. Safari karibu yote unakaa ndani, kioo kimeganda chumvi, injini inanguruma masikioni. Aliyezoea boti za Dar na Unguja atatafuta pa kusimama nje apigwe na upepo, na hatapapata pa maana. Bahari ikichafuka kidogo tu, watu wanaanza kuomba mifuko ya kutapikia. Kwa anayekwenda kazini Lipari sawa, atafanya nini. Lakini wewe umetoka mbali kuja kuona milima ya moto, halafu unapita katikati yake ukiwa umefungiwa?

Halafu kuna upepo. Wagiriki wa kale walisema Aeolus, mtunza pepo, aliishi hapa, na visiwa vimebeba jina lake mpaka leo. Scirocco unavuma kutoka kusini mashariki, maestrale kutoka kaskazini magharibi, na wowote ukizidi, boti za kasi ndizo za kwanza kusitishwa. Ilitukuta Salina. Kwenye dirisha la tiketi palibandikwa karatasi ya Kiitaliano peke yake, ndani hakuna mtu wa kuuliza, na watalii tumejaa gatini na mabegi yetu. Mama mmoja mwenyeji ndiye aliyetuonea huruma akatuambia tusubiri feri, itakuja. Ikaja kweli, inayumba lakini inakuja. Kampuni ile ya boti siitaji jina. Pesa yangu ilirudishwa, ila baada ya kufuatilia sana, na kumwacha abiria bila maelezo bandarini siwezi kulisamehe hata kama upepo si kosa lao.

Kwenye sitaha ya feri ndipo safari inapoanza. Ukikaribia Vulcano, harufu ya kiberiti inakufikia hata kabla kamba hazijafungwa, na juu ya mlima unaona moshi mweupe ukitoka kwenye nyufa. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa wa 1888 hadi 1890, lakini ardhi bado inapumua. Ukitoka Lipari kwenda Salina, chombo kinapita ubavuni mwa mlima mweupe pe. Hilo ni jiwe la pamisi, jepesi hata linaelea majini. Lilichimbwa hapo miaka na miaka, machimbo sasa yamefungwa, na visiwa viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Usiondoke ukingoni mwa sitaha katika kipande hicho cha safari.

Nilichokipenda kupita vyote ni kufunga gati. Rinella, upande wa kusini wa Salina, nafasi ni finyu. Nahodha anaigeuza feri, anarudi kinyumenyume taratibu. Baharia anarusha kamba nyembamba yenye uzito nchani. Mtu wa gatini anaidaka, anaivuta mpaka inakuja kamba nene, anaivisha kwenye nguzo ya chuma. Mlango wa nyuma unashuka, na kabla haujatulia vizuri, gari la mboga limeshatoka, nyuma yake kijana na pikipiki, nyuma yake bibi na kikapu. Wengine wanaingia. Dakika chache tu, mlango unapanda, tumeondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Ni watu wanaoijua kazi yao, na mimi ningelipa nauli kwa hilo tu.

Wenye muda, anzieni Napoli. Kuna feri ya usiku siku chache za wiki, inaondoka jioni na kufika Stromboli alfajiri, safari ya takriban saa kumi. Unaweza kukata kitanda au kiti. Kitanda kina thamani yake. Weka kengele mapema, kwa sababu mwezi wa Oktoba unafika bado giza. Stromboli una urefu wa mita 924 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mlima iko chini ya maji. Hulipuka kidogo kidogo mara kadhaa kwa saa, na umefanya hivyo kwa karne nyingi, ndiyo maana mabaharia waliuita mnara wa taa wa Mediterania. Nikiwa sitahani nilisikia mtu akisema "pale!", nikageuka, na juu kabisa pakawaka wekundu, ukafifia, ukawaka tena. Abiria wote kimya, simu mkononi, halafu wengine wakaziweka mfukoni wakatazama tu.

Mlima huo si wa mchezo. Desemba 2002 sehemu ya mteremko wa Sciara del Fuoco iliporomoka baharini na kuleta tsunami kijijini. Mwaka 2019 kulikuwa na milipuko mikubwa miwili, Julai na Agosti, na wa Julai uliua mtu. Kupanda juu kuna masharti na sehemu za juu unahitaji kiongozi, kwa hiyo uliza ofisi za hapo siku unayofika. Kijijini njia ni nyembamba, mizigo inabebwa na bajaji za mizigo zile za Kiitaliano, na mchanga wa ufukweni ni mweusi.

Mengine kwa ufupi. Kahawa ya kwenye feri ni nzuri. Kwa wasiokula nguruwe, ulizeni kabla, maana mikate na vitafunwa vingi vina nyama hiyo. Kituo cha treni cha Milazzo kiko mbali na bandari, utahitaji basi au teksi. Beba koti hata jua likiwa kali, sitahani kuna baridi. Filicudi na Alicudi vyombo ni vichache, usivibane katikati ya ratiba ngumu.

Na ndege ya kurudi usiikate kwa siku ileile unayotoka visiwani. Lala Milazzo, au Catania penye uwanja wa ndege, usiku mmoja. Upepo ukivuma, utakuwa na siku ya akiba.